Jinsi ya Kuunguza Jumba la Opera

Kuunguza jumba la opera kunataka maandalizi. Venice wameshatupa somo zima kupitia jumba lao la La Fenice, kwa hiyo wewe fuata hatua tu.

Kwanza, ujenzi wa ndani uwe wa mbao kwa sehemu kubwa, roshani juu ya roshani, na nakshi za dhahabu kila upande. Hivyo ndivyo lilivyofunguliwa Mei 1792, likabeba jina la ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni. Desemba 1836 likateketea. Ndugu wawili, Tommaso na Giambattista Meduna, wakalisimamisha upya, na Desemba 1837 watu walikuwa wamekaa tena vitini.

Pili, lijaze thamani ili hasara iume. Mlete mtunzi Giuseppe Verdi azindulie humo opera ya Rigoletto mwaka 1851, kisha La traviata mwaka 1853. Hiyo ya pili ilimwaibisha: shujaa wa kike anakufa kwa kifua kikuu, na mwimbaji aliyepewa nafasi hiyo alikuwa mnene, mwenye afya yake. Watazamaji wakacheka. Mwaka uliofuata ikaimbwa katika ukumbi mwingine wa Venice, wakaishangilia, na hadi leo inaimbwa duniani kote.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: lifunge kwa ukarabati, umeme umpe mkandarasi aliyechelewa na anayeogopa faini. Mfereji wa jirani uukaushe kwa matengenezo, boti za zimamoto zisikaribie. Usiku wa Januari 29, 1996 yote hayo yalikutana. Helikopta ilichota maji na kuyamwaga juu ya moto, lakini ilipokucha zilibaki kuta za nje. Mafundi umeme wawili, mtu na binamu yake, walitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kuuwasha makusudi. Jumba lililomlea Verdi, kwa ajili ya faini ya kuchelewa!

Mwisho, tafuta filamu. Mwongozaji Luchino Visconti alipigia humo mwanzo wa filamu yake Senso, ya mwaka 1954, na mafundi waliorudisha nakshi walizitazama picha zake. Jumba likafunguliwa tena Desemba 14, 2003.

Nawe unayesimamia jengo la kale popote ulipo: siku mafundi wakiingia, maji yawe karibu, na mlinzi asilale.