Kasha la njiwa

Kasha nililipigilia chini ya upenu kwa ajili ya njiwa. Mbao za kreti la samaki, tundu la kiasi cha kisahani, Jumapili mbili za jasho. Njiwa hawakuja. Akaja bundi, yule mweupe mwenye uso kama kopa la karata, akataga humo kama aliyelipa kodi.

Hapa Kilindoni bundi akilia juu ya paa, watu huulizana nani mgonjwa. Mama mkwe hakungoja hata huo mlio. "Baba Saumu, huyo ni babewatoto. Mtoe kabla ya magharibi." Nikapanda ngazi na ufagio. Ndege akanifokea kama fira, ngazi ikateleza, nikatua juu ya dagaa wa mke wangu walioanikwa mkekani. Shauri la kumtoa likaahirishwa.

Nikageuka mpelelezi. Nilifunga kioo cha mke wangu kwenye upondo, nikakiinua hadi tunduni. Mayai mawili. Siku chache baadaye matatu, kisha manne, meupe pe. Bundi huyu hangoji yatimie: huanza kuatamia tangu la kwanza, ndiyo maana vifaranga huanguliwa kwa kupishana siku. Jike hukaa hapo karibu mwezi mzima, dume akimletea chakula. (Nilimsimulia mke wangu habari za mume huyo. Alinitazama sana.) Mara ya nne kioo kiliponyoka.

Vita vyenyewe vililetwa na vidonge. Asubuhi moja mama mkwe aliokota chini ya kasha kitu cheusi, kigumu, cha ukubwa wa kidole gumba. Hirizi! Wakaja majirani, mmoja na chetezo kabisa. Nikakilowesha bakulini, nikakichambua mbele yao: manyoya, vifupa, na mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele bado rangi ya chungwa. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hucheua kisichosagika.

Mama mkwe akaliinamia bakuli, ambalo, nilikumbushwa baadaye, ni lake la uji. Ana minazi 14, na panya humtobolea vidaka kabla havijawa madafu.

"Watatu? Kidonge kimoja?"

"Kimoja, mama."

"Na mumewe naye anakula?"

Sasa ameagiza kasha lake, lipigiliwe kwenye mnazi, mbali na dirisha analolalia. Kioo bado nadaiwa.