Mashine Rakhisi ya Kupaka Gari Nta

Mtu aliyejaaliwa gari kuukuu akakaa nalo pwani hana haja ya kutafuta adui mwingine. Jua la Dar es Salaam huanza kazi yake mapema wala haliiachi mpaka magharibi. Upepo wa bahari huleta chumvi bila ya kuagizwa. Mwembe uliopandwa kwa ajili ya kivuli hudondosha utomvu juu ya boneti kwa ukarimu usioombwa. Na juu ya mwembe huo hukaa kunguru. Kunguru hawa wenye shingo za kijivu si wenyeji wetu. Asili yao ni Bara Hindi, nao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kula taka za mji. Taka wakazila, vifaranga vya watu wakavila, kisha wakavuka bahari wakaja Mrima kutafuta mahali pa kujisaidia, na baada ya kuukagua mji mzima wakaridhika na Toyota Corolla yangu, ambayo rangi yake ni buluu iliyokoza, rangi isiyomsitiri mtu.

Dawa ya masaibu haya ni nta. Iliyo bora hutoka katika majani ya mti mmoja wa kaskazini mashariki ya Brazil uitwao karnauba, wa jamii moja na minazi na mivumo yetu, ambao hujipaka nta wenyewe ili jua lisiyakaushe majani yake. Mnazi wetu, ambao nao u juani miaka yote hii, haukuona umuhimu wa jambo hilo. Kwa muda mrefu niliipaka nta hiyo kwa mkono, kwa kitambaa cha fulana iliyostaafu, na kila nilipomaliza paa, bega langu la kuume lilikataa katakata kushiriki katika shughuli ya milango. Ndipo nilipoazimia kununua mashine, nikaweka sharti moja tu, kwamba iwe rakhisi. Sharti hilo nililitamka mbele ya shemeji yangu, na tangu saa ile shauri likanitoka mikononi.

Shemeji yangu ni mtu mwenye elimu ya kila kitu isipokuwa kile anachoulizwa. Jioni moja alinijia na mashine ndani ya mfuko wa saruji, mtumba wa Japani, nzito, iliyoundwa kwa uaminifu, akaniambia kwamba gari likitoka Japani na mashine ikatoka Japani, basi hao ni ndugu na watasikilizana. Nikaipindua. Tumboni mwake palikuwa na kibati kilichoandikwa, kwa tarakimu ambazo hata mtoto angezisoma, volti 100. Na umeme wetu, kama ajuavyo kila aliyewahi kuunguza redio ya mgeni, ni volti 230. Nikamwonesha.

“Shemeji,” akaniambia kwa upole, “kwani umeme unajua kusoma?”

Kabla sijajibu alikwisha kuichomeka. Mashine iliamka kwa bidii ambayo nina yakini hapana Mjapani aliyepata kuishuhudia, ikalia kwa sauti nyembamba iliyozidi kupanda, ikatoa moshi kupitia matundu yote iliyopewa kwa ajili ya hewa, kisha swichi kuu ya nyumba ikajikata yenyewe, na runinga ikazimika ilhali nusu ya mtaa imo sebuleni mwangu ikitazama Simba na Yanga. Watu walipouliza kulikoni, kama ni LUKU iliyokwisha, shemeji akajibu kwa sauti ya msiba kwamba naam, ni LUKU. Na majirani zangu, kwa huruma waliyoumbwa nayo, wakaanza kuchanga. Shemeji naye alichangia, na mpaka leo hunikumbusha.

Habari zikaenea kwamba natafuta mashine. Jirani yangu mmoja, mwenye Kirikuu cheupe cha kubebea mizigo ya soko, alifadhaika kusikia kwamba nataka kutumia fedha. “Mzee, utanunuaje, na grenda ninayo?” Nilijaribu kumweleza kwa taadhima kwamba grenda ndogo ya kukatia chuma huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kung'arishia huwa baina ya 600 na 3,000, na nta huitaka ile ya chini kabisa, kwamba rangi ya kiwandani, pamoja na matabaka yake yote, kwa kawaida haizidi sana mikroni 100 au 150, na kwamba tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo hasa linalong'aa, aghalabu ni mikroni 40 au 50 tu, pungufu ya unene wa unywele wa mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha, kwa uungwana ambao siwezi kuusahau, akaamua kunionesha kwenye gari lake mwenyewe.

Alifunga sponji kwenye grenda, akaigusisha ukingoni mwa mlango. Yaliyofuata yalikwenda upesi kuliko maelezo yake: cheupe kikawa kijivu, kijivu kikawa chuma, sponji ikaruka ikavuka ukuta, na harufu ya kuungua ikatutangulia nyumbani. Jirani akapatazama mahali pale kwa utulivu. “Hapo,” akasema, “palikuwa na uchafu wa zamani.” Kesho yake pamebandikwa karatasi ya kumshukuru Mungu, na shukrani hiyo naiona kuwa ya haki, maana mlango wa pili ulisalimika.

Nikaenda Gerezani peke yangu, asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunipa nasaha nyingine. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinikaribisha kwa swali ambalo wanafalsafa wangekaa nalo mwaka mzima: “Mzee wangu, unataka ya kazi au ya bei?” Nikamjibu kwamba nataka ya bei inayofanya kazi. Akacheka kwa heshima, akaweka mezani mashine yenye jina la kampuni mashuhuri ya Kijapani, isipokuwa herufi moja ilikuwa imebadilishwa, nadhani kwa kuogopa dhambi.

“Hii orijino?”

“Orijino kabisa, mzee. Orijino ya China.” Akaipigapiga mgongoni. “Wati 1,400. Hii hata rangi inatoa.”

Alilisema kuwa ni sifa, na hapo ndipo nilipoutambua ugonjwa wa biashara nzima. Kila mtu aliyenishauri juu ya jambo hili alinishauri nguvu. Mashine hupimwa kwa ngurumo yake, na anayenunua isiyonguruma huhesabiwa kuwa amepunjwa. Ilhali kupaka nta ni kazi ya kutandaza kitu laini juu ya kitu chembamba, na mwenye haraka hana nafasi ndani yake. Mashine ile ya wati 1,400 ina gurudumu linalozunguka kwenye mhimili mmoja, mahali pamoja, kwa hiyo joto lote hukusanyika chini yake. Fundi wa rangi aliyeizoea hufanya nayo maajabu, na asiyeizoea hufanya kama jirani yangu. Iko ya namna nyingine, ambayo gurudumu lake huzunguka na papo hapo huyumba nje ya kitovu, milimita 8 au 15 au hata 21, na lina hulka moja inayonipendeza mno: ukilikandamiza kwa ujinga, husimama kuzunguka, likabaki linatetema tu hata utakapopata akili. Hiyo ndiyo ya kununua ikiwa mtu ataka kuondoa ile mikwaruzo myembamba inayoonekana juani kama tando za buibui, ambayo vijana waosha magari hutuchorea kwa matambara yenye mchanga. Lakini mikwaruzo huondolewa kwa dawa ya kusugulia, kabla ya nta. Nta yenyewe haiondoi kitu, hufunika na kulinda, na anayeuza nta kwa ahadi ya kufuta mikwaruzo auza ahadi.

Mimi nilitaka nta tu. Kwa hiyo nikaomba ile ya tatu, iliyokuwa juu ya kabati, nyuma ya feni zilizokufa: mto mpana wa milimita 240, vishikio viwili, wati 120 tu, haina kiburi wala mlio. Muuzaji aliishusha huku akitazama mlangoni, asije akaonwa na wenzake. Nikaikagua urefu wa waya, nikauliza kama kaboni zake zabadilishika, nikauliza kofia za akiba. Maana mashine hizi huvishwa kofia zenye mpira ukingoni, moja ya kitambaa cha taulo ya kupakia nta na moja ya manyoya ya kung'arishia, na nijuavyo mimi urakhisi wa mashine humalizikia hapo, siku kofia zinapochakaa na duka halina nyingine. Tukaombana bei kwa muda wa kutosha kuridhisha pande zote mbili, nikaondoka nayo kwa shilingi 85,000.

Shemeji aliisubiri Ijumaa, akaja moja kwa moja kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe. Kanuni ya mashine hizi ni kwamba huwekwa kwanza juu ya bati, ndipo ziwashwe. Shemeji aliinyanyua kifuani, akaipaka nta ya kutosha lori, akaiwasha hewani. Ukuta ulipata, mwembe ulipata, kunguru mmoja alipata, jambo ambalo sikulihuzunikia. Lakini sehemu kubwa ilipokewa na kanzu. Nta ile ni ya sifa njema: mkewe anasema kila anapoifua, maji hugawanyika matone matone kifuani na kuteremka yenyewe, na doa halijashika hapo tena.

Gari, nalo, linang'aa. Tatizo lililobaki ni la kofia ya taulo, ambayo niliifua nikaianika kambani, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu, akaikuta: nyeupe, laini, ina mpira, yatoka juani. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta mtoto amepakatwa barazani, kofia imemfika nyusini, amelala fofofo. Heshima ya mkwe haimruhusu mtu kumwambia mama wa mkewe kwamba mjukuu wake amevishwa kipuri. Nikaamkia, nikaketi mbali kidogo, nikatazama chini kama inavyopasa.

“Mkwe,” akaniambia, “kofia hizi nzuri. Mdogo wake mkeo naye karibu atajifungua. Huko mjini zauzwa moja moja, au mpaka ununue na kile kidude chake?”