Usingizi Haupungui, Unahama

Mwanafunzi wa udaktari anayekesha hajaongeza hata dakika moja kwenye siku yake. Ameuhamisha tu usingizi kutoka kitandani, ulikoshushiwa chandarua, akaupeleka kwenye kiti cha darasani, kwenye raundi ya wodini na, mambo yakiharibika, kwenye daladala ya Buzuruga, ambako konda atamwamsha gari likishageuza. Kilima cha Bugando hapa Mwanza kina hospitali ya rufaa tangu 1971 na wanafunzi wa udaktari tangu 2003, kwa hiyo jiji hili lina uzoefu wa kutosha wa vijana waliovaa koti jeupe na kusinzia wima.

Ushahidi uko kwenye daftari lake lenyewe. Fungua kurasa zilizoandikwa baada ya saa nane usiku: mstari wa kwanza umenyooka, wa tatu unateremka, wa tano unakatika katikati ya jina la mshipa na kuishia pembeni mwa karatasi, kama mto uliokosa ziwa. Mwenye daftari alikuwa na zana zote za kupigia msuli: kahawa chungu, kengele za simu zilizopangwa kwa kupishana, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Kahawa huziba tu mlango ambao adenosini, kemikali ya uchovu, ingepitia kuuarifu ubongo. Uchovu wenyewe unazidi kulimbikizana huko nje, na saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, hata kama kijana ameshasalimu amri na kupanda kitandani. Beseni, kwa kadiri ya ushahidi uliopo, hulowesha daftari.

Kichekesho kikubwa kimo kwenye mada zenyewe. Somo la vimelea likifika, anakesha akisoma malale, ugonjwa ulioangamiza watu wengi upande wa Uganda wa ziwa hili mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi daktari Mjerumani Robert Koch akaja mwaka 1906 na kupiga kambi visiwa vya Sese. Kitabu kinamwambia kuwa vimelea vikishafika kwenye ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukodoa macho usiku, hukasirika ovyo na kuchanganyikiwa. Anapigia mstari dalili zote nne bila kujishuku.

Wapo watakaosema wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze hukesha na mitumbwi hurudi imejaa. Kweli, lakini mvuvi hukesha kwa sababu dagaa huifuata taa penye giza. Mbalamwezi ikikomaa anatia nanga na kupumzika, na mchana, dagaa wakianikwa juani, yeye yuko usingizini bila aibu. Biokemia haiifuati taa. Iko palepale saa nne asubuhi, tena ikiwa na maandishi yanayosomeka.

Wengine watasema daktari huitwa usiku, basi bora azoee mapema. Hoja hii ina uzito, ila kukosa usingizi hakuzoeleki. Kinachozoeleka ni kutojua kwamba umelemewa. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba aliyekaa macho saa 24 hufanya vibaya kama mwenye asilimia 0.10 ya pombe kwenye damu, wakati dereva wa Tanzania anaishia 0.08. Huko Boston, mwaka 2004, madaktari wa mafunzo waliokuwa kwenye zamu ndefu walifanya makosa makubwa mengi zaidi, kwa zaidi ya theluthi, kuliko waliopunguziwa saa. Zamu haiepukiki. Kuifikia ukiwa tayari umelewa vitabu kunaepukika.

Inabaki silabasi, ambayo haina huruma, na hofu ya sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuoni), ambayo si ya kuchekwa. Lakini ubongo hupanga uliyosoma ukiwa umelala. Tangu 1924 wanasaikolojia Jenkins na Dallenbach waliona huko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwamba aliyelala baada ya kukariri alikumbuka zaidi ya aliyebaki macho, ingawa waliopimwa walikuwa wanafunzi wawili tu, na pengine hao ndio waliokubali kwenda kulala. Na yule bingwa wa darasa anayetuma kwenye kundi picha ya kitabu wazi saa kumi alfajiri, kisha akafaulu? Kabla ya kumwiga, mwulize anayelala naye chumba kimoja habari za mkoromo.