Eti Laptopu Yangu Haikidhi Vigezo

Kila nikifungua sehemu ya masasisho, laptopu inaniambia haikidhi vigezo vya Windows 11. Lugha hiyo naijua. Ndiyo ya barua za kunyimwa kazi. Tena anayeambiwa hivyo ndiye anayetulisha nyumba nzima.

Na makosa yenyewe! Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha sita, wenye Windows wanataka kuanzia cha nane. Kachipu ka kutunza funguo za siri, TPM, ni toleo 1.2, wao wanataka 2.0. Lakini RAM ya GB 4, inayonitesa usiku na mchana, hiyo wameipitisha!

Tangu Windows 10 ilipokatiwa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, mtaa mzima umegeuka mafundi. Shemeji anasema nifute picha. Jirani kaniwekea programu ya kusafisha kompyuta, nayo ikawa ya kwanza kuamka kila nikiwasha na ya kwanza kula RAM. Kijana wa ofisini anasema nunua mpya, bila kuuliza ada ya Januari inatoka wapi.

Aliyenisaidia ni fundi wa Kariakoo, tena hakuongea sana. Alifungua skrubu, akachokonoa feni kwa mswaki mkongwe, likatoka bonge la vumbi na ganda la karanga. Akang'oa diski ya kuzunguka, akapachika SSD, akaongeza RAM ikawa GB 8. Zamani nilikuwa nawasha, nakwenda kuoga, narudi bado inafikiri. Sasa nikiwasha, imewaka. Nimebaki sina kisingizio cha kuchelewesha kazi.

Ila masasisho ya usalama ndiyo hayaji tena. Fundi anasema Windows 11 inaweza kuingizwa kwa mlango wa nyuma, ila waliokataa kunipokea hawaniahidi masasisho. Akanipa mfumo mwingine, Linux Mint, kwenye flashi niujaribu bila kufuta kitu. Unakimbia, na hauulizi umri wa mtu.

Nikamwonyesha mama watoto, mweka hazina wa kikoba. Akatazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Baba Nuru, Excel yangu iko wapi?"

Nikamweleza kuna LibreOffice, inafungua mafaili yale yale.

"Hesabu za wanawake thelathini unazifanyia majaribio?"

Flashi iko kabatini. Tunasubiri kikoba kivunjwe Desemba.