Jinsi ya Kutoka Mzima Maabara ya Kata

Karibu kidato cha kwanza. Mwalimu wa kemia atakuandikia ubaoni sheria za maabara kwa Kiingereza, nawe utazikariri zote: usikimbie, usile, usionje. Namna ya kuingia humo ndani haimo kwenye orodha. Kwa wanafunzi wa Kasulu na Kibondo, mwongozo huu unaziba pengo hilo.

1. Heshimu kufuli. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na tarehe ya mwisho ikawekwa Novemba 2014, wazazi walichanga na kusomba mawe na mchanga. Jengo likasimama. Likishafungwa, hakuna asidi itakayomuunguza mtu. Hatari iliyobaki ni kuangukiwa na madawati mabovu, au na magunia ya mahindi ya chakula cha mchana.

2. Simama nyuma. Bureti ni moja na darasa zima limeizunguka. Walio mbele watakutangazia: "Imebadilika!" Wewe andika daftarini kwamba rangi imebadilika. Hii ndiyo miwani bora ya kukinga macho: migongo ya wenzako.

3. Usiamini chupa. Asidi iliyochanganywa na maji haitofautiani kwa macho na maji ya kunywa, na chupa yake mara nyingi ilikuwa ya soda. Isiyo na lebo usiinuse wala usiionje. Mpelekee mwalimu, naye ataiweka juu ya kabati karibu na zile nyingine zisizo na lebo.

4. Usinyonye pipeti. Vitabu vinasema tumia mpira wa kuvutia. Ukiambiwa mpira umeliwa na panya, na kwamba vizazi vyote vilivyopita vilinyonya kwa mdomo vikafaulu, kumbuka kilichomo: haidroksidi ya sodiamu. Ndiyo kostiki ileile ya sabuni ya mawese.

Sasa mtazame mama anayepika sabuni hiyo nyuma ya nyumba yake. Kemia hakuisoma, ila watoto amewafukuza uani. Mikono kaivalisha mifuko ya plastiki, anakorogea mti mrefu, na amesimama upande ambao upepo haumletei mvuke usoni. Kostiki anaitia kwenye maji kidogo kidogo; hathubutu kumwaga maji juu ya kostiki, maana mchanganyiko huchemka na kuruka. Asidi kali nayo ni hivyohivyo: itie kwenye maji, usiitilie maji. Sheria hiyo wewe unaijua kwa Kiingereza. Yeye anaijua kwa mikono, na mikono yake haina kovu.

5. Jiandae kwa huduma ya kwanza. Sanduku lipo ukutani, lina chaki na betri zilizokwisha. Ukirukiwa na kemikali jichoni, unatakiwa kuoshwa kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi. Bomba la maabara ni zuri sana, limebaki kuunganishwa na maji tu. Kwa hiyo njoo na kidumu chako. Kiangazi, mto unapokuwa mbali, ni vyema kuahirisha ajali hadi mvua zianze.

6. Ajali yako ina tarehe. Mtihani wa kidato cha nne huja Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Hapo kufuli litafunguliwa, magunia yatahamishwa, vumbi litafutwa, na fundi sanifu wa maabara ataazimwa shule ya jirani. Utakabidhiwa bureti kwa mara ya kwanza, msimamizi akikutazama na saa ikienda. Mkono utatetemeka, na asidi haijali kama ulikariri.

Neno kwa bodi ya shule. Badala ya bango jipya la "Usalama Kwanza", mwiteni yule mama wa sabuni Jumatatu moja, afunguliwe mlango, awasimamishe watoto mezani wanne wanne na kila mmoja ashike kifaa. Posho yake msihangaike kuitafuta: ni ile mliyolipana mlipoketi kujadili usalama.