Kwa Mheshimiwa Mlezi wa Chuo Chetu, kwa Unyenyekevu Usio na Kipimo

Mheshimiwa, Mtukufu, Mlezi wa chuo chetu na Baba wa elimu ya ukanda huu wote wa mpakani,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa niaba ya walimu wenzangu wa muda, ambao wangependa kukuamkia wenyewe ila wako shambani, kwa kuwa malipo ya muhula uliopita bado yanatafakariwa. Natumaini waraka huu utakukuta salama wewe, familia yako tukufu na magari yako yote. Sitarajii uusome. Karani wako akiufungua nitakuwa nimeheshimiwa vya kutosha, na mtu akiufungia karanga sitalalamika.

Nakuandikia kutoka ujirani wa Rubongi, mahali unapoinua macho ukauona mwamba wa Tororo, ambako ulitutembelea na kutufungua akili. Ulitufundisha kwamba zama za mwalimu kusimama mbele na kusema peke yake, huku wengine wakinakili, zimekwisha. Mwanafunzi awe kitovu, ulisema. Ajadiliane na wenzake katika makundi, ajigundulie maarifa mwenyewe. Mwalimu ni nyenzo tu ya kujifunzia. Uliyasema hayo asubuhi nzima, ukiwa umesimama mbele peke yako, na sisi tukanakili kila neno.

Agizo la makundi tumelitekeleza, Mheshimiwa. Ukumbi wetu umefurika kupita kiasi alichokusudia fundi aliyeujenga, na madawati yamefungwa kwa nati sakafuni, hivyo kundi huundwa kwa kugeuza shingo. Wasiopata nafasi husimama nje na kujifunzia dirishani. Nafurahi kukuarifu kwamba kundi la dirishani ndilo linaloongoza darasa, maana lina hewa na mwanga.

Somo langu ni Kiswahili. Tulipofika kwenye ngeli za nomino niliwaachia wajadiliane kama ulivyoelekeza. Walijadiliana kwa bidii, wakapiga kura, wakaafikiana kwamba neno linaloanza na “ki” lifuate “ki”, na tangu siku hiyo kijana kimefika, kijana kimeketi, kijana kinaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilinyamaza. Nyenzo ni nani hata isahihishe?

Na hapa sina budi kushukuru kwa lugha yenyewe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari za Uganda. Tulishangilia sana. Vitabu havikutufikia, lakini Mungu aliweka mpaka karibu: wanafunzi wangu huvuka hadi Malaba au Busia upande wa Kenya, hununua nakala moja ya kusoma kwa zamu, na baadhi hurudi nayo kwa njia za panya, katikati ya sukari na mafuta ya kupikia. Nimeandika katika ripoti kuwa hiyo ni ziara ya kimasomo, isiyoigharimu serikali hata senti.

Nashukuru pia kwa intaneti. Tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, na sheria, kwa huruma yake, ikaisamehe data ya elimu na ya tiba. Kila nikinunua bando la kuwatumia wanafunzi masomo ya sauti, naieleza simu yangu kwa adabu kwamba mimi ni mwalimu. Haijaniamini bado. Wanafunzi wenyewe wanaifaidi intaneti kuliko mimi: kazi za nyumbani siku hizi hurudi safi, watu wengi na insha moja, Kiswahili sanifu kama cha taarifa ya habari, hata kwa yule ambaye jana alisema kijana kimefika. Hakika wamejigundulia maarifa.

Kuhusu mshahara sitasema mengi, nisije nikaonekana ninao. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali alipandishwa mwaka 2022 hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa akabaki karibu na milioni moja. Walimu wa sanaa waligoma Juni ya mwaka huo. Mimi sikugoma, asiyelipwa hugomea nini?

Lakini kubwa kuliko yote, Mheshimiwa, ni projekta uliyotuzawadia. Ina chumba chake chenye nondo dirishani, ina kufuli mbili, ina askari wa usiku. Ina kitambaa cha kujifunika, namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, na fungu la matengenezo katika bajeti. Haijafundisha hata kipindi kimoja, kwa sababu ukumbi hauna umeme, lakini haijalala njaa.

Kwa hiyo, nikiwa nimepiga magoti, naleta ombi langu. Kwa kuwa ulitamka kwa kinywa chako kwamba mwalimu ni nyenzo, naomba niandikwe katika daftari la mali za chuo. Nipewe namba. Nilazwe stoo pamoja na projekta, nipunguze kodi ya nyumba. Nihesabiwe kila mwisho wa mwaka wa fedha, ili walau mtu mmoja ajue kama nipo. Projekta hata ikionyesha mashairi huhesabiwa kuwa kifaa cha sayansi. Nami nikishakuwa kifaa, lile suala la sanaa litakuwa limejimaliza lenyewe. Nikichakaa, nipigwe mnada kwa kufuata taratibu zote za serikali. Mke wangu ameahidi kufika bei.

Rangi nyeupe na brashi nitanunua mwenyewe Tororo mjini. Naomba sahihi yako tu.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili (wa muda)

Nakala: Mtunza stoo