Mkono wa Kushoto Umeshika Maikrofoni

Mathayo sura ya 6 inataka mkono wa kushoto usijue sadaka inayotolewa na wa kulia. Agizo gumu kwa mwanasiasa wa Kenya, maana wa kulia umeshika kitita na wa kushoto umeshika maikrofoni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha mamilioni ya shilingi aliyotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto, na wengine wakaduwaa: tangu lini kapu la sadaka likarudisha chenji? Watetezi wa harambee wana hoja, na si ya kubeza. Bati halivuji kwa sababu tu limenunuliwa na mheshimiwa, na hata mjane wa Marko 12 alitoa senti zake hadharani. Sawa. Ila mjane yule hakuja na msafara, hakutengewa kiti cha mbele, wala hakuomba kura baada ya baraka. Tena alitoa vyote alivyokuwa navyo. Hawa wetu hutoa kilichobaki, na haijulikani kimebaki katika mfuko wa nani. Mchungaji asiyeuliza hujitetea kwamba pesa haina dini. Makuhani wakuu, waliporudishiwa na Yuda vipande 30 vya fedha, walikataa kuvitia katika hazina ya hekalu, na wao ndio waliomlipa.